Jambo la Vigelegele

14 Januari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama na kile kiti cha nyuma ya basi hakikukumaliza mgongo. Mimi mzima, ila chumba changu kimekuwa kikubwa ghafla tangu muondoke. Kibiriti ameacha kitana chake chini ya mto. Mwambie mama yake mdogo anamsalimu, na kwamba msichana wa miaka kumi na miwili anayesahau kitana leo, kesho atasahau kichwa.

Nakushukuru kwa kukubali kupanda kile kitanda cha kliniki. Najua ulikubali ili ninyamaze. Mwenzangu aliyekupima anakusalimu sana. Anasema amepima wanawake wengi, lakini hajapata kuona anayemfundisha muuguzi kupiga marinda huku miguu yake imewekwa juu ya vyuma.

Kama alivyokueleza, alipopaka siki kwenye mlango wa kizazi palitokea sehemu nyeupe, ndiyo maana akachukua kinyama kidogo kama punje na kukipeleka maabara kubwa. Majibu huchukua wiki kadhaa. Mara nyingi huwa ni mabadiliko ambayo bado hayajawa saratani, na huondolewa mara moja, mtu akarudi nyumbani kupika. Hata ikiwa imeanza, ikiwa changa inakatwa na mtu anaishi. Ndiyo raha ya kupima mapema. Basi usianze kuwaza.

Msalimie shemeji akirudi safarini.

Mdogo wako

2 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Tulifika, mgongo nao ulifika siku ya pili yake. Barua yako kondakta wa basi ameileta mwenyewe mpaka mlangoni akitegemea chai, akaipata.

Nashukuru umeandika hukupiga. Tangu kiwanda cha nyuzi kiyale masikio yangu, simu kwangu ni nzi ndani ya chupa. Na ukituma ujumbe, Kibiriti anausoma kwa sauti mbele ya wateja kabla sijavaa miwani. Barua peke yake ndiyo inayonisemesha mimi.

Huku tu wazima. Shemeji yako alirudi na lori Jumanne, akalala kama mzigo, akaondoka Alhamisi. Sare za kushona zimenijaa mpaka kitandani. Kila mwaka wazazi wanajua shule zinafunguliwa Januari, na kila mwaka wanashangaa Januari ikifika. Kuhusu siki yenu, mimi ninayoijua ni ya jikoni. Mwambie mwenzako marinda yake ya juzi yalikuwa yamelala upande, ayatie pasi.

Mke wa fundi viatu, jirani yetu, amepatwa na jambo. Siliandiki, unamjua Mama. Tangu barua ya kifo cha Baba isomwe na muuza duka mbele ya watu waliokuja kununua sabuni, Mama aliapa kwamba katika nyumba yake habari nzito haitaletwa tena na karatasi. Italetwa na mtu mwenye miguu, atakaa, watu watakunywa maji, ndipo aseme. Mama hayupo, ila mimi na wewe tungali tunamwogopa. Nitakusimulia tukionana.

Dada yako

25 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo, na poleni kwa kazi. Huku joto ni kali, na feni ya chumba cha kupimia imeamua kustaafu kabla yangu.

Dada, nina jambo la kukuambia, na si la kuandika. Usishtuke. Hakuna aliyekufa, na si jambo la kulia. Nataka tu tukae wawili, nikuambie mdomo kwa sikio lile lenye nafuu. Majibu yako nayo yamerudi, tutayaangalia pamoja ukija.

Ningekuja mwenyewe. Lakini mwenzangu mmoja amejifungua, mwingine amehamishwa, na msimamizi amesema hawezi kunipa likizo kabla ya Juni. Kwa hiyo njoo wewe. Njoo wiki ijayo ukiweza. Sare mpe mwingine amalizie.

Mdogo wako

20 Machi

Kasuku!

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Hatujambo sote, tena leo mimi sijambo kuliko wote.

Jambo lisiloandikwa, na si la kulia. Mdogo wangu, mimi nimekulea, unadhani sikujui? Kama si la kulia basi ni la vigelegele. Ni yule mtu wa maabara mwenye shingo ndefu aliyekubebea mfuko siku ile tukitoka sokoni. Nilimwona alivyokuwa akiutazama ule mfuko, na nikajua hautazami mfuko. Miaka arobaini na mmoja! Nilikuwa nimeshaacha kukuombea mume, nakuombea uvumilivu. Watu husema chelewa chelewa utamkuta mtoto si wako. Wewe umechelewa na bado umemkuta wako.

Sasa usinikimbize. Mama hayupo, kwa hiyo mama yako ni mimi, na siwezi kwenda kupokea neno la wakwe nikiwa na gauni la dukani. Nimeshapata kitambaa, cheupe kilichokolea kama maziwa. Lako nitalishona mwenyewe, na pindo lote kwa mkono, cherehani haitaligusa. Kuna pia sare za shule ya wasichana ambazo mkuu wa shule anazidai kila akipita. Nikimaliza hayo nakuja.

Kuhusu majibu yangu, naona umeyatia mwishoni kama chumvi, basi najua ni mazuri. Yangekuwa mabaya, ungekuwa umeshafika hapa kwa miguu yako mwenyewe, likizo au si likizo, kama tulivyofundishwa.

Shemeji yako nimemwambia. Amecheka mpaka akakohoa.

Dada yako mwenye furaha

8 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nilianza barua hii mara kadhaa nikaichana. Barua yako imenichekesha, halafu nikakaa chini.

Hayo unayoyawaza tutayazungumza ukifika. Nguo si kitu. Njoo hivyo ulivyo, na chaki kwenye kidole. Nakuomba tena: daktari wetu anataka kukuona wewe mwenyewe kwa ajili ya yale majibu, ni utaratibu tu, lakini hapendi kungojeshwa. Ngojangoja huumiza matumbo, dada.

Kuna la pili. Nasikia watapita shule za huko kuwachanja wasichana wa umri wa Kibiriti. Chanjo hiyo inazuia kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Kwenye semina tulielezwa kwamba ulimwenguni mwanamke mmoja hufa kwa ugonjwa huu karibu kila dakika mbili, na kwamba ni katika saratani chache zinazoweza kuzuiwa kabla hazijaanza. Ziko nchi zinazochanja watoto wao na kupima mama zao, na sasa zinangoja siku ambayo ugonjwa wenyewe utakuwa hadithi. Mwacheni achomwe, tafadhali.

Njoo mwezi huu. Nakuomba kama mtoto wako.

Mdogo wako

19 Mei

Kasuku wangu,

Usinune. Najua nimechelewa kujibu. Sare za shule ya wasichana zimenitoa jasho, mkuu wa shule alibadilisha kola nikiwa nimeshakata. Na siku hizi nachoka upesi. Nimekiwekea kiti cha cherehani mto, kiuno hakitaki mchezo. Ni umri tu. Mwanamke akikaribia hamsini mwili unafunga duka, na kabla ya kufunga unamwaga bidhaa zote nje. Utayaona yako, hasa wewe unayeanza ndoa wakati wenzako wanapumzika.

Nimekonda kidogo, ila nimefurahi, maana lile gauni langu la zamani la kijani limenikaa upya. Nitakuja nalo.

Chanjo haikuwezekana. Walikuja shuleni na karatasi ya mzazi kutia sahihi, shemeji yako akakataa. Huko barabarani madereva wenzake wamemwambia sindano ile inafunga uzazi. Nikamwambia mdogo wangu ni muuguzi na amesema ni nzuri, akanijibu mdogo wako hana mtoto. Nisamehe kwa kukuandikia, lakini ndivyo alivyosema. Mimi nikaona tusigombane sasa, harusi inakuja. Watachoma mwaka mwingine.

Gauni lako limebaki pindo. Ukiliona utalia, na hapo ndipo nitakuruhusu kulia.

Dada yako

1 Juni

Dada,

Likizo imetoka. Jumamosi napanda basi la asubuhi. Usipike kitu, usiite mtu. Kaa nyumbani tu.

Mdogo wako

30 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, kama bado unaipokea kwangu.

Nilirudi salama. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na ulichokiona wewe, maana ulipoinuka ukaingia ndani hukunipa nafasi ya kusema mengine.

Nilikuta uani kumejaa. Uliwaita wote, mke wa fundi viatu na kidonda chake cha mguu, wateja wako, hata mkuu wa shule amekaa kwenye kigoda. Walianza vigelegele nikiwa bado sijavuka mlango. Ukatoka na lile gauni mikononi, nami sikuona gauni, niliona mifupa ya mikono yako. Dada, mimi huona wanawake kila siku. Nilijua kabla hujanisalimia. Nikakuomba tuingie chumbani, ukafikiri ni aibu ya bibi harusi, ukawakonyeza.

Ukanipa maji. Nikanywa, nikakuambia. Hukulia. Uliuliza swali moja, majibu yalirudi lini. Nikasema Februari. Ukachukua bilauri mkononi mwangu ukatoka nayo, na sikusikia sauti yako tena mpaka naondoka.

Sasa naandika ambayo sikuwahi kuandika. Ile Februari kinyama kilionyesha saratani, changa, ya kukatwa ikaisha. Daktari aliniambia, "Mlete upesi, huyu tunamponya." Nilishika kalamu niandike hivyo hivyo, mkono ukakataa. Niliona muuza duka, na watu wenye sabuni, na uso wa Mama. Nikasema nitamwita aje, nimwambie kama inavyotakiwa. Na ulipodhani ni harusi, nikaona bora. Nilijiambia furaha itakuleta mbio kuliko hofu. Nilikuacha uamini kwa makusudi, dada. Sikujua kwamba furaha ndiyo itakayokukalisha ukishona pindo kwa mkono.

Nimeacha rufaa yako kwa shemeji. Hospitali kuu watakupokea tarehe nne. Nimezungumza nao. Nichukie, lakini nenda.

Mdogo wako

21 Julai

Dada,

Sijapata neno kwako. Shemeji ameniambia kwa simu kwamba mlikwenda, akakata kabla sijauliza. Kila basi linaloingia namtazama kondakta, na sasa kondakta ananikwepa.

Andika hata tusi.

Mdogo wako

16 Agosti

Kasuku,

Marahaba. Tusi nimelitafuta, sikupata linalotosha.

Kibiriti mzima. Shemeji yako ameegesha lori, amekaa nyumbani, anafua. Anafua vibaya. Gauni nimempa binti wa fundi viatu aliyeolewa juzi. Limemkaa vizuri isipokuwa kifuani, wewe na yeye hamkuumbwa sawa. Sikutaka liendelee kuning'inia mlangoni.

Nina hasira na wewe. Nakuambia sasa ili usije ukaniuliza kila barua. Naamka nayo, nalala nayo. Umesoma, unavaa nguo nyeupe, unawaambia wanawake wa watu wasifiche, halafu unamficha wa tumbo moja na wewe. Mama hakusema habari isifike. Alisema iletwe. Ungeacha kazi ukaja. Ungemwambia shemeji yako anibebe kwenye lori kama gunia. Ungeandika neno moja tu, "kansa", nikaanguka hapa hapa mbele ya wateja, wakanimwagia maji, nikaamka, nikapanda basi.

Haya, sasa na mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwangu kinaumbua taratibu. Mwenzako aliponiuliza siku ile kama naona damu baada ya kulala na mume, nilisema hapana. Nilikuwa naiona. Lakini wewe ulikuwa umesimama pale, na mtu hamwambii hayo mdogo wake. Machi damu ikawa inakuja hata nikikaa tu. Nilikata shuka kuukuu vipande, nikawa navichoma nyuma ya nyumba Kibiriti akiwa shuleni. Ningekuandikia Machi. Kalamu nilikuwa nayo. Nikasema, mdogo wangu amengoja miaka yote hii, leo ana harusi, mimi nimpelekee habari za damu? Nikaamua ngoja harusi ipite kwanza. Nilikufichia nisiharibu harusi yako, Kasuku. Soma tena hapo kama hujaelewa, mimi mwenyewe nilichukua siku nyingi kuelewa.

Hospitali kuu ni kubwa kuliko mji wetu. Tulikaa benchi moja na wanawake wengi, kila mmoja na mfuko wake wa vitambaa, na hakuna aliyeuliza mwenzake. Mashine ya mionzi iko moja, na ilikuwa mbovu. Fundi wake anatoka nchi nyingine. Tulilala kwenye korido wiki nzima tukingoja fundi, mimi ambaye maisha yangu yote watu walikuwa wakinipigia kelele kwamba fundi hatokei. Nilicheka peke yangu. Mwanamke wa pembeni akadhani nimechanganyikiwa.

Mwishowe daktari, kijana mwenye mikono safi, alinipima akaniandikia kwenye karatasi kwa kuwa sisikii. Ugonjwa umefika kwenye ukuta wa nyonga, figo moja imeshabanwa. Kukata hakuwezekani tena. Mashine ikipona, watanichoma ili damu ipungue, si ili nipone. Nikamwambia aniandikie pia, je, Februari ungekuwa hapo? Kisha akaandika, "Hapana." Nakuambia kwa sababu ungeuliza, na kwa sababu sifichi tena.

Uliniandikia kwamba anakufa mmoja kila dakika mbili. Nimekuwa nikijiuliza dakika yangu ni ya nani mwingine. Nani aliyenitangulia na nani atakayenifuata.

Chanjo. Tulipotoka huko nilimkokota Kibiriti mpaka zahanati mwenyewe, nikishika ukuta njia nzima. Shemeji yako alitufuata nyuma bila kusema kitu, na karatasi alitia sahihi yeye. Walikuwa wamebakiwa na dozi chache. Ameipata.

Dada yako

10 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea kazini, nikaisomea pale pale, juu ya kile kitanda.

Sina utetezi. Kila ulichosema ni kweli, na nimejiambia kibaya zaidi. Nilipomaliza kuisoma wanawake walikuwa wamenisubiri nje, nikawaita mmoja mmoja, nikapaka siki, nikaandika. Mmoja alionekana na weupe. Akaniuliza, "Sista, kuna nini?" Nikamwambia yote, hapo hapo, akiwa bado amelala. Alilia, akanitukana kwamba sina utu. Nilimwacha anitukane. Keshokutwa anakatwa, atapona, na simfurahii. Nataka kumfurahia, dada, nashindwa. Namtazama nawaza kwa nini yeye.

Nimeomba uhamisho wa kuja huko nikuuguze. Wamesema fomu ziko kwa mkubwa. Nimeomba likizo, wamesema niliitumia Juni, nyingine ni Desemba. Nitaomba tena. Shemeji ameniambia mashine imepona na umechomwa mara tano. Damu imepungua? Maumivu je? Wakupe dawa ya maji, ile chungu ya maumivu makali, usikubali wakikuambia ngoja. Unajua mwenyewe kungoja kulivyotufanya.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie tu.

Mdogo wako

9 Novemba

Kasuku,

Anayeandika ni Kibiriti, mimi ninasema. Vidole vimekataa kalamu kama vilivyokataa sindano. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asipambe, na akifika kwenye neno gumu aliulize, asiliruke. Nataka alijue kila neno. Nimemwonyesha na picha ya kizazi kwenye karatasi ya zahanati, nikamwambia mlango ni huu, ndipo ugonjwa ulipoanzia. Aliangalia chini. Nikamwambia inua uso, ni kwako pia.

Dawa chungu wamenipa. Inatuliza, ila inanilaza mchana. Damu ilipungua, sasa imerudi. Miguu imevimba. Kuna harufu. Wateja hawaji tena, na wakija wanasimama mlangoni. Mkuu wa shule alikuja akakaa, akakaa kweli, hakuziba pua. Sikumtegemea.

Niliwaambia wanawake wa mtaa huu wote waende kupimwa. Niliwaita hapa wanione, nikawafunulia shuka. Wakaenda sita pamoja. Wakakuta chumba kimefungwa, mpimaji yuko semina. Wakaenda wiki iliyofuata wakaambiwa siki imekwisha. Siki, Kasuku. Mke wa fundi viatu akasema atapeleka ya jikoni kwake, wakamfukuza. Sasa hawaendi tena, nami sina nguvu ya kuwaita mara ya pili.

Shemeji yako hupiga magoti hapa usiku kunigeuza. Mtu ambaye alikuwa hawezi kugeuza hata chapati, leo ananigeuza mimi.

Uliniomba msamaha. Nimeutafuta. Siku nyingine upo, siku nyingine nikipata maumivu unakimbia. Siwezi kukudanganya. Ila hasira imechoka kabla yangu, hilo najua. Ninapokukumbuka sasa nakukumbuka ukiwa mdogo, umelala mgongoni kwangu, umenilowesha, na mimi sikutaka kukushusha kwa sababu ungeamka.

Usije sasa. Ngoja likizo yako ya Desemba. Ukiondoka bila ruhusa watakufukuza, na Kibiriti atahitaji mtu mwenye kazi.

Dada yako

Mama mdogo, shikamoo. Hapa chini ni maneno yangu mimi. Mama amelala, haoni.

Sindano iliniuma kidogo na mkono ukavimba, lakini sasa sijambo. Ile ya pili wamesema nirudi mwakani.

Mama hali chakula tangu Jumapili. Anakunywa maji kwa kijiko. Jana aliniita mama yake, akaniomba nimfungie mlango kuna watu dukani wanatazama. Nikamfungia. Nesi wa zahanati alipotoka alimwambia baba uani kwamba Desemba hatafika. Baba alisema usipewe habari, kwa sababu mama amemwapisha asikupigie, na simu anaishika yeye. Hawajui kwamba nilikuwa nyuma ya dirisha.

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, nimemwambia akupe mkononi. Jioni basi hilo linarudi huku. Mama mdogo, njoo nalo.